Mashimo 36

Kabla ya kununua habu ya baiskeli, hesabu mashimo yake. Mimi sikuhesabu. Niliiona Karatina, kwa msee anayeuza vipuri vya baiskeli za mitumba, imelala kati ya pedali na cheni zenye kutu. Ilikuwa nzito, imeandikwa Torpedo, na pembeni imepigwa namba 83, yaani mwaka iliotengenezwa. Aliniambia imetoka kwa BMX ya mtoto wa Ujerumani. Nikatoa mia tatu, nikapanda matatu ya Kerugoya nikijiona mjanja.

Nyumbani kuna Black Mamba ya marehemu guka. Imeegemea ukuta wa stoo tangu habu ya nyuma ilipopasuka. Cucu hataki kusikia habari ya kuiuza, lakini mjomba ameanza kuulizia bei ya skrapu kwa kilo. Baiskeli inayotembea haipimwi kwa kilo. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu yote.

Fundi aliichukua habu, akaizungusha, midomo ikihesabu.

"Hii ni thelathini na sita, kijana. Rimu ya guka yako iko na arobaini."

"Basi niweke mbele?"

"Mbele ni thelathini na mbili. Na breki ya nyuma utaiweka mbele ufanye nayo nini?"

Yaani nilipungukiwa na mashimo manne nyuma na kuzidisha manne mbele. Hesabu hii tuliachiwa na Waingereza. Baiskeli zao za kazi zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko mwendeshaji anakokalia na ndiko mzigo unakofungwa. Kwingineko duniani walizoea 36 kila upande. Jumlisha: zote ni 72. Spoku ni zilezile, ila Mwingereza alihamisha nne kutoka mbele akazipeleka nyuma.

Raleigh ya Nottingham ilisambaza baiskeli za aina hiyo kote kwenye himaya. India ilipopata uhuru, viwanda vyake, kama Hero ya Ludhiana iliyoanza 1956, viliendelea na umbo lilelile na mashimo yaleyale, na baiskeli zao zikaja kwetu. Zikaitwa Black Mamba. Hakuna aliyelalamika kuhusu 40. Mtu anayetoa gunia la mchele Mwea, au anayepeleka kahawa faktori asubuhi na mapema, anahitaji kila spoku atakayopewa.

Habu yangu ni ya ukoo mwingine kabisa. BMX ilianza California mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto wakiiga mbio za motokrosi kwa baiskeli ndogo za Schwinn. Gurudumu la inchi 20, kuruka, kuanguka, kuruka tena. Hakuna keria. (Kuna hata habu za BMX zenye mashimo 48. Nashukuru sikuokota hiyo.) Wajerumani walipozipokea, nyingi za watoto waliziwekea kitu walichokiamini tangu 1903, mwaka ambao Ernst Sachs wa Schweinfurt alitoa Torpedo: habu moja inayoendesha, inayojiachilia, na inayopiga breki ukikanyaga pedali kinyumenyume. Hakuna waya, hakuna vyuma virefu vya breki kama vya Black Mamba. Kila kitu kiko ndani ya ngoma, kimezama kwenye grisi.

Fundi alifikiria siku mbili. Nilidhani ataruka shimo moja baada ya kila tisa, ili nafasi zigawanyike sawa. Akanicheka. Mashimo ya rimu yanapishana, moja limeelekea kushoto na linalofuata kulia. Ukiruka moja tu, spoku ya kushoto inajikuta kwenye shimo la kulia. Lazima uruke mawili kwa pamoja. Kwa hiyo aliacha mawili wazi hapa, na mawili upande wa pili kabisa wa rimu. Spoku 18, pengo, spoku 18, pengo. Alizipishanisha kama ambavyo magurudumu yamefanywa tangu James Starley wa Coventry alipopata hataza mwaka 1874, spoku zikitoka kwenye habu kwa kuinama ili nguvu ya mguu isizivunje. Ncha zilizochomoza alizipiga tupa zisitoboe chubu. Mkono wa breki akaufunga kwenye fremu kwa kipande cha bati.

"Itakubeba wewe," alisema. "Gunia, hapana. Pale kwa pengo rimu itakunja."

Nilijaribu kwa kuteremka hadi Kutus. Mteremko ule ni mrefu kwa mtu mwenye breki moja. Nilikanyaga nyuma, nikaachilia, nikakanyaga tena, na karibu kufika chini nikaanza kunusa kitu kinachoungua. Grisi ilikuwa imeyeyuka na inatoa moshi. California kuna mlima ambako mwaka 1976 vijana walianza kushindana kuteremka kwa baiskeli kuukuu zenye breki za aina hii. Mbio zile ziliitwa Repack, kwa sababu kila ukifika chini ulilazimika kufungua habu na kujaza grisi upya.

Nilisukuma baiskeli kurudi Kerugoya. Fundi alinusa habu kabla sijafungua mdomo, akachukua spana.

"Lete mkebe wa grisi. Na ukimaliza hapa mwambie cucu yako imetembea. Usimwambie kuhusu moshi."