Betheli: Jina Tunalolivaa

Wengi wenu mmelisoma jina Betheli kwenye sare zetu kwa miaka yote hii bila kuuliza. Kabla keki ya jubilei haijakatwa, tuwasimulie.

Kwa Kiebrania, beth ni nyumba na El ni Mungu. Sisi wa Majoreni hatuhitaji kwenda mbali kulisikia neno hilo. Ni ndugu wa beit ya Kiarabu, na beit hiyo ndiyo iliyotupa ubeti. Kwa hiyo kila ubeti tunaoimba ni nyumba, hata ule wa tatu ambao besi hupenda kuuingia mapema.

Hapo kwanza mji uliitwa Luzu (Mwanzo 28:19). Luzu ni mlozi, na lozi za kwenye halua yetu ni za ukoo huo huo. Yakobo alifika karibu na hapo jua likiwa limezama, akimkimbia Esau. Jiwe likawa mto wake, akaota ngazi. Asubuhi akalisimamisha lile jiwe, akalimiminia mafuta, akapaita Betheli. Aliyepapa mahali pale jina tukufu hivyo alikuwa mtoro aliyemdhulumu kaka yake.

Jina zuri halikuulinda mji. Ufalme ulipogawanyika baada ya Sulemani, Yeroboamu aliweka ndama wa dhahabu Betheli na mwingine Dani, ili watu wasipande tena Yerusalemu. Katika karne ya 8 kabla ya Kristo akaja Amosi, mchungaji wa Tekoa, wakati maskini wakiuzwa kwa jozi ya viatu. Alisema Mungu amezichukia sikukuu zao na hataki kelele za nyimbo zao wala vinanda vyao. Alitaka haki itiririke kama maji. Kuhani wa Betheli, Amazia, akamfukuza aende akahubiri kwao Yuda.

Sikukuu, nyimbo, vinanda. Ndivyo tulivyoandaa leo. Tuliposoma sura ya 5 ya Amosi kwenye mazoezi, chumba kilinyamaza, kwa sababu kila mmoja alimkumbuka mwenzetu aliyeacha kuja kwa kukosa hela ya sare, nasi tukaendelea kuimba. Jioni ile tulikwenda kwake. Leo mtamwona safu ya alto.

Jina hilo lilifika hata kwa jirani zetu. Karibu na Bielefeld, Ujerumani, mwaka 1867 zilianzishwa nyumba za kuwatunza wenye kifafa, baadaye zikaitwa Bethel. Chama cha misheni kilichokuwa kimeanza kazi Tanga mwaka 1890 na Mlalo, Usambara, mwaka 1891, kilihamishia makao yake huko mwaka 1906. Watumishi kutoka Bethel walifanya kazi pia Lutindi, penye makao ya watoto waliokombolewa utumwani, ambayo baadaye yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Ni ng'ambo tu ya Lungalunga. Mwalimu wa kwaya ameahidi kutupeleka, na ahadi hiyo sasa imechapishwa.