Bingwa Anaporudi Ulingoni: Historia ya Mashindano ya Mabingwa wa Chemsha Bongo na Funzo Lake kwa Mbulu na Hanang

Chemsha bongo ni shindano ambalo washiriki huulizwa maswali ya maarifa mbele ya mashahidi, kila jibu sahihi likapewa alama, na mwenye alama nyingi akatangazwa mshindi. Katika runinga za nchi kadhaa shindano la aina hiyo limezaa jingine lililo juu yake, yaani mashindano ya mabingwa, ambamo waliokwisha kushinda katika vipindi vya kawaida huitwa tena ili washindane wao kwa wao. Makala hii inafuatilia historia ya mwito huo wa pili, kisha inaitazama kutoka Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambako maarifa ya mdomo yalipimwa hadharani kabla ya runinga kufika na ambako mabingwa wa riadha wamewahi kupitia mtihani wa kurudi ulingoni. Hoja yake ni kwamba ushindi wa kwanza huweza kuwa wa bahati ya siku moja, ilhali mwito wa pili hupima uwezo wenyewe, na kwamba jamii inayowaita tena mabingwa wake hulazimika kutunza kumbukumbu ya kile inachokiona kuwa kinastahili kujulikana.

Maarifa hadharani kabla ya runinga

Kuulizana maswali kwa kushindana si jambo lililoletwa Afrika Mashariki na vyombo vya habari. Katika utamaduni wa Waswahili, mtegaji wa kitendawili hutangaza fumbo lake, hadhira humruhusu atege, na hadhira ikishindwa kulifumbua hutakiwa kumpa mji, naye akiukubali hutoa jibu. Ndani ya mchezo huo mna muuliza swali, mjibu, mashahidi na tuzo, yaani nguzo zote ambazo baadaye zilisimamisha chemsha bongo ya redio na runinga.

Katika Mbulu, Wairaqw wana utanzu uitwao slufay, ambao ni sala ndefu ya kishairi inayoongozwa na mzee mwenye ufasaha huku waliohudhuria wakimwitikia kwa pamoja. Slufay si shindano na haina alama, lakini ni kipimo cha wazi cha kumbukumbu na ulimi, kwa kuwa kiongozi wake hana karatasi ya kutazama na wanaomwitikia ni watu wanaoijua lugha hiyo ya mafumbo vizuri kiasi cha kutambua anapokosea. Kwa upande wa Hanang, Wabarabaig, ambao ni kundi kubwa miongoni mwa Wadatoga, humjengea mzee aliyeheshimiwa kaburi la heshima liitwalo bung'eda, na sherehe yake ya miezi kadhaa hukusanya koo nyingi mahali pamoja, ambapo nasaba hutajwa na nafasi ya kila ukoo hutambuliwa. Katika mila zote mbili maarifa hayakamiliki mpaka yametamkwa mbele ya watu wenye uwezo wa kuyahakiki.

Kashfa iliyofundisha masharti

Chemsha bongo ya runinga ilikua kwa kasi nchini Marekani katika miaka ya 1950, na ilikaribia kufa kwa sababu ya udanganyifu. Katika kipindi cha Twenty-One, mhadhiri wa chuo kikuu aitwaye Charles Van Doren alipata umaarufu mkubwa kati ya mwaka 1956 na 1957 kwa kushinda wiki baada ya wiki, kumbe waandaaji walikuwa wakimpa majibu mapema ili watazamaji wavutiwe. Mwaka 1959 alikiri hayo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na mwaka uliofuata sheria ya mawasiliano ya nchi hiyo ilirekebishwa ili kufanya hila za namna hiyo kuwa kosa.

Kashfa hiyo ilieleza jambo la msingi kuhusu bingwa. Van Doren alirudi ulingoni mara nyingi, lakini kurudi kwake hakukuwa na thamani kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimpima kwa haki. Tangu hapo waandaaji walilazimika kutenganisha watunga maswali na washiriki, kuweka waamuzi wanaohakiki majibu, na kuandika kanuni zinazojulikana na wote. Mashindano ya mabingwa yalijengwa juu ya uaminifu huo mpya.

Jeopardy! na mfumo wa kuwarudisha mabingwa

Kipindi kilichoupa mfumo huu umbo lake linalofahamika zaidi ni Jeopardy!, kilichobuniwa na Merv Griffin na kuanza kurushwa na kituo cha NBC mwaka 1964 kikiendeshwa na Art Fleming. Upekee wake ni kwamba mwendeshaji husoma maelezo, na mshiriki hujibu kwa kuunda swali ambalo maelezo hayo yanalijibu. Tangu enzi ya Fleming kipindi hicho kilikuwa na mashindano ya mabingwa ya kila mwaka, na kiliporejea mwaka 1984 kikiendeshwa na Alex Trebek, utaratibu huo ulirejeshwa kwa kanuni mpya mwaka 1985.

Kanuni hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndizo zinazoonyesha jinsi haki inavyoweza kupangwa kwa hesabu. Mabingwa 15 waliitwa, wakagawanywa katika michezo 5 ya robo fainali yenye washiriki 3 kila mmoja. Washindi 5 walisonga mbele, na pamoja nao wakachukuliwa watu 4 walioshindwa kwa alama za juu kuliko wenzao, ili mtu aliyepangiwa wapinzani wakali siku ya kwanza asiondoke kwa sababu hiyo tu. Watu hao 9 walicheza nusu fainali 3, na washindi wake 3 walicheza fainali ya siku 2, ambamo alama za siku zote mbili zilijumlishwa. Bingwa wa mwaka 1985, Jerry Frankel, alipata dola 100,000.

Hata kitufe ambacho mshiriki hubonyeza ili apewe nafasi ya kujibu kina sharti lake. Hakifanyi kazi mpaka mwendeshaji amalize kusoma na taa zilizo pembeni ya ubao wa maswali ziwake, na anayebonyeza kabla ya hapo hufungiwa kwa robo ya sekunde, muda mfupi ambao katika mchezo wa mabingwa hutosha kumpa mpinzani nafasi. Miongoni mwa watu ambao karibu wote wanalijua jibu, anayetofautishwa na wenzake ni yule mwenye subira, wepesi wa mkono na busara ya kuweka dau, kwa kuwa katika swali la mwisho kila mshiriki hujiamulia kiasi cha alama atakachohatarisha.

Kabla ya mwaka 2003 bingwa wa kawaida aliondolewa baada ya ushindi wa siku 5. Kikomo hicho kilipofutwa, Ken Jennings alishinda michezo 74 mfululizo mwaka 2004 na kujikusanyia dola 2,520,700, na wengi wakaona kwamba hakuna wa kumfikia. Mwaka uliofuata waandaaji waliwaita mabingwa 145 wa miaka iliyopita katika mashindano makubwa, na katika fainali Jennings alishindwa na Brad Rutter, ambaye katika enzi yake ya kawaida aliondolewa kwa kikomo cha siku 5 bila kupoteza mchezo. Kanuni ya zamani ilikuwa imemfunika bingwa mkubwa, na mwito wa pili ndio uliomfunua. Rutter alishinda tena mashindano ya mabingwa wa miongo ya mwaka 2014, lakini mwezi Januari 2020, walipokutana na James Holzhauer, bingwa mwingine wa kipindi hicho, Jennings alishinda michezo 3, Holzhauer 1, na Rutter hakupata hata mmoja. Hesabu hiyo ya miaka 15 inaonyesha kwamba ubingwa wa maarifa haumalizwi na tuzo moja, bali hutunzwa kwa kusoma na kujipima daima.

Uingereza: maarifa hayana kabila la wasomi

Nchini Uingereza, kipindi cha BBC kiitwacho Mastermind kilianza mwaka 1972 kikiendeshwa na Magnus Magnusson. Mbunifu wake, Bill Wright, alikuwa mfungwa wa vita katika Vita Vikuu vya Pili, na kumbukumbu ya kuhojiwa na Wajerumani ndiyo iliyompa wazo la kumketisha mshiriki peke yake katika kiti cheusi chini ya mwanga mkali. Mshiriki huulizwa kwanza kuhusu mada aliyoichagua mwenyewe, kisha maarifa ya jumla. Mwaka 1980 ubingwa ulichukuliwa na Fred Housego, dereva wa teksi wa London, na mwaka 1983 na Christopher Hughes, dereva wa treni, jambo lililowathibitishia watazamaji kwamba maarifa mapana hayategemei shahada. Mwaka 1982 mabingwa wa Mastermind walirudishwa washindane wenyewe, na mshindi alikuwa Sir David Hunt, bingwa wa mwaka 1977, mwanadiplomasia aliyewahi kuwa Balozi wa Uingereza nchini Uganda baada ya uhuru wa mwaka 1962. Hivyo ulingo uleule ulimpokea dereva na balozi kwa masharti yaleyale.

Afrika: vyuo, shule na swali la kudumu

Tanzania ilichelewa kwa sababu runinga yenyewe ilichelewa. Zanzibar ilianzisha kituo chake mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara ilipata vituo vya kwanza mwaka 1994. Mwaka 2007 kampuni ya simu ya Celtel ilidhamini shindano la vyuo vikuu lililoendeshwa na mwigizaji na mtangazaji wa Kenya, John Sibi-Okumu, ambalo baada ya kampuni kubadili jina liliitwa Zain Africa Challenge. Vyuo vya Tanzania, Kenya na Uganda vilikutana humo, vikafuatwa na vya nchi nyingine za Afrika. Shindano hilo liliamsha hamasa kubwa, lakini baada ya biashara ya Zain barani Afrika kuuzwa kwa Airtel mwaka 2010 halikudumu, na pamoja nalo ulikatika utaratibu ambao ungeweza kuwarudisha mabingwa wake mwaka hadi mwaka.

Ghana ilipita njia tofauti. Shindano lake la kitaifa la sayansi na hisabati kwa shule za sekondari, lililoanza mwaka 1993, limekuwa sehemu ya maisha ya nchi, na shule zilizofanya vizuri mwaka uliotangulia hupewa nafasi ya kuingia moja kwa moja katika hatua ya kitaifa huku nyingine zikipitia mchujo wa mikoa. Kwa njia hiyo bingwa hubaki akiwindwa, na mgeni hubaki na mlango.

Mbulu na Hanang: mabingwa waliorudi

Mbulu na Hanang, ambazo zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 1969, zinaujua mtihani wa kurudi kupitia riadha. Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu wakati eneo hilo likiwa bado sehemu ya Mbulu, alishinda mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1974 huko Christchurch kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.16, ambao ulikuwa rekodi ya dunia. Aliporudi kutetea taji lake huko Edmonton mwaka 1978, David Moorcroft wa Uingereza alimpita kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Katika michezo hiyohiyo, Gidamis Shahanga wa Hanang, kijana ambaye hakuwa akifahamika nje ya nchi, alishinda marathoni mbele ya mwenyeji Jerome Drayton. Shahanga aliporudi Brisbane mwaka 1982 alishinda mita 10,000, akifuatwa na Mtanzania mwenzake Zakaria Barie, kisha akakimbia marathoni na kumaliza wa sita. Bayi hakupungukiwa na ukuu kwa kushindwa mara ya pili, na Shahanga alithibitisha kwamba siku ya Edmonton haikuwa ya kubahatisha.

Majina hayo yamebaki kwa sababu riadha ina daftari, ambamo muda, mahali na mpinzani vimeandikwa. Maarifa ya wilaya hizi mbili hayana daftari la namna hiyo, ingawa utajiri wake ni wa nadra duniani. Katika eneo hili zinakutana lugha zenye asili nne tofauti: Kiiraqw ambacho ni cha Kikushi, Kidatoga ambacho ni cha Kiniloti, Kinyiramba na Kinyisanzu ambazo ni za Kibantu, na Kihadza cha bonde la Yaeda, lugha ya vidoko ambayo haijathibitishwa kuwa na undugu na nyingine yoyote. Maswali yaliyomo humo ni mengi: kwa nini Wairaqw wa zamani walijenga nyumba zilizochimbwa ndani ya mteremko wa kilima wakati wa mashambulizi ya Wamaasai, ni koo zipi za Wadatoga zenye kazi ya uhunzi, mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400 una nafasi gani katika imani za wanaoishi chini yake, na mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada yalibadilishaje malisho ya Wabarabaig.

Historia iliyoelezwa hapa inatoa masharti matatu kwa yeyote atakayetaka kuanzisha chemsha bongo ya urithi katika wilaya hizi. Sharti la kwanza ni haki, ambayo Marekani iliijua kwa kupitia aibu ya mwaka 1959: maswali yatungwe na kuhakikiwa na wazee na walimu wasiokuwa na mshiriki wao ulingoni. La pili ni mlango mpana, kwa kuwa kama Uingereza ilivyompata bingwa wake nyuma ya usukani wa teksi, Mbulu na Hanang zitawapata mabingwa wao miongoni mwa wafugaji, wakulima, mama wa nyumbani na wanafunzi vilevile. La tatu, ambalo shindano la vyuo vya Afrika Mashariki lililikosa, ni kudumu, kwa sababu bila mwaka wa pili hakuna bingwa wa kurudi.

Shindano hilo halihitaji studio ya gharama kubwa, kwa maana redio na ukumbi wa shule vinatosha kuanzia. Linachohitaji ni halmashauri, shule na vyombo vya habari vya Manyara kukubaliana kuandika kila swali, kila jibu na jina la kila mshindi, kisha kuwaita washindi hao tena mwaka unaofuata. Kazi hiyo ianze sasa, wakati wazee wanaoyajua majibu bado wapo wa kuulizwa.