Namba Dhahania: Hesabu Isiyotaja Kitu

Watoto wawili, vitabu viwili, mayai mawili, nyumba mbili. Namba nyingi ndogo za Kiswahili hufuata ngeli ya kitu kinachohesabiwa. Sita, saba na tisa, zilizotoka Kiarabu, hazibadiliki. Lakini mwalimu anapoandika ubaoni 2 + 3 = 5, darasa husoma “mbili kujumlisha tatu”, na hapo hapana watoto wala mayai. Namba iliyosimama hivyo, bila kitu wala kipimo, ndiyo namba dhahania.

Neno hilo limezoeleka katika sarufi: upendo na haki ni nomino dhahania. Linafaa hapa pia, mradi lisichanganywe na namba za kufikirika, zile zitokanazo na kipeuo cha pili cha −1. Hata 5 ya kawaida kabisa ni dhahania ikiwa peke yake. Kilo 5 si dhahania tena.

Binadamu alichukua muda mrefu kufika hapo. Huko Uruk, katika Iraq ya leo, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, makarani waliandika hesabu kwenye mabamba ya udongo kwa mifumo kadhaa tofauti. Alama ileile ya duara ilikuwa sawa na alama ndogo 10 walipohesabu kondoo, lakini 6 tu walipopima shayiri. Thamani ya alama ilitegemea mali iliyohesabiwa.

Faida ya kuitenga namba na kitu huonekana zaidi katika kuzidisha na kugawanya. Kilo 3 za sukari mara 2 ni kilo 6. Ile 2 inasema mara ngapi, basi. Kilo 6 zikigawanywa kwa kilo 2, jibu ni 3, wala si kilo 3, kwa sababu vipimo vimekatana. Pai hupatikana vivyo hivyo: mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake ni 3.14159 na kuendelea, duara liwe la sarafu au la sinia. Na ramani ya skeli 1:50,000 haijali rula ya msomaji. Sentimita 1 ni mita 500 ardhini. Inchi 1 ni inchi 50,000.

Walimu wa hesabu, basi, msimwachie mwanafunzi aliyeulizwa uzito akaandika 3 tu. Mwulizeni: 3 nini? Na ikiwa swali lilitaka mara ngapi, mfundisheni kwa nini kilo hazipo kwenye jibu.