Pua nzito, mkia mzito

Wadau, leo siasa tuiache ipumzike. Nataka tuongelee nukta moja ambayo huwezi kuiona wala kuishika, lakini imewahi kuua watu, na hadi leo anayeipuuza anarudi nyumbani na ndege yake ikiwa kwenye mfuko wa rambo. Ni kitovu cha uzito.

Jina ni la darasani, ila jambo lenyewe tunalijua tangu utotoni. Muuza samaki mwenye mzega begani huusogeza mti mbele na nyuma mpaka pande zote mbili zitulie, ndipo aanze safari. Mtoto anayetengeneza ndege ya karatasi hukunja pua mara mbili tatu ili iwe nzito. Asipofanya hivyo ndege inanyanyua kichwa, inasita hewani, kisha inadondoka kama jani.

Huyo mtoto ana mwenzake wa zamani sana. Mwaka 1804 George Cayley, mwenye mashamba wa Yorkshire, Uingereza, alitengeneza kindege kisicho na injini chenye urefu wa mita 1.5 hivi. Bawa lake lilikuwa kama tiara, nyuma kulikuwa na mkia unaogeuzwa, na mbele akaweka kizito kinachoweza kusogezwa. Akawa anakirusha, anasogeza kizito, anakirusha tena. Kwangu mimi hapo ndipo historia ya ndege inapoanzia, na si pale tulipofundishwa shuleni. Mwaka 1853, akiwa mzee, alirusha chombo kikubwa kilichobeba mtu mzima kuvuka bonde karibu na nyumbani kwake. Kutoka kindege cha kuchezea hadi mtu ilichukua miaka 49.

Baadaye akaja Mfaransa, Alphonse Pénaud. Tarehe 18 Agosti 1871, kwenye bustani ya Tuileries jijini Paris, aliachia kindege kinachosukumwa na mpira uliosokotwa. Kilikwenda kama mita 40 kwa sekunde 11, tena kikitulia chenyewe bila mtu kukigusa. Siri yake ilikuwa uzito uliokaa mbele kidogo, na mkia mdogo uliolazwa kwa pembe inayoukandamiza chini ili pua isizame. Alipochora ndege kubwa ya kubeba watu hakuna aliyempa fedha. Alijiua mwaka 1880, akiwa na miaka 30. Umri wetu huu, jamani.

Sasa, kwa nini uzito ukae mbele? Fikiria mshale. Chuma kiko mbele, manyoya yako nyuma. Upepo ukiutikisa, manyoya yanaurudisha kwenye mstari wake. Ndege nayo ina nukta yake, mahali ambapo nguvu ya ziada ya hewa huegemea pale upepo unapoipiga ghafla na kuinua pua. Kitovu cha uzito kikiwa mbele ya nukta hiyo, pua inashuka yenyewe. Kikiwa nyuma yake, pua inazidi kupanda na rubani ana muda mfupi sana wa kufikiri. Pua ikizidi uzito nako ni tabu, maana ndege inakuwa ngumu kunyanyuka na kutua inakuwa shughuli. Lakini angalau utaishi ulalamike.

Otto Lilienthal wa Ujerumani alijua haya kwa mwili wake. Alining'inia chini ya mabawa na kuongoza kwa kurusha miguu huku na kule, yaani yeye mwenyewe ndiye alikuwa kile kizito cha Cayley. Tarehe 9 Agosti 1896 upepo ulimnyanyua pua, akajitupa mbele, lakini mwili haukutosha. Alianguka, akavunjika uti wa mgongo, akafa kesho yake.

Mwaka huohuo, Mei 6, Samuel Langley wa taasisi ya Smithsonian alirusha mfano wake wa injini ya mvuke juu ya mto Potomac, Marekani. Ulikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, mabawa yenye upana unaozidi mita 4, na ulikwenda karibu kilomita 1 bila mtu ndani. Kabla ya hapo alikuwa ameshahangaika miaka kadhaa kuupatia mlingano wake. Serikali ikampa dola 50,000 atengeneze kubwa, ikaanguka mtoni Oktoba na Desemba 1903. Mlingano uliofaa kwenye mfano haukuweza kuokoa mbao na vyuma visivyohimili uzito wa chombo kikubwa. Magazeti yalimcheka. The New York Times la Oktoba 9, 1903 liliandika kwamba ndege ya kweli huenda ikahitaji kati ya miaka milioni 1 na milioni 10. Zilitosha siku 69. Sisi wa magazeti tuwe tunakumbushana.

Hata hao ndugu Wright waliofanikiwa Desemba 17 walikuwa na ndege yenye mkia mzito. Ilipanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Mwaka 1904 walifunga mbele yake vyuma vya kilo 32 hivi ili itulie. Watu waliokuwa wakihesabu kila gramu wakaongeza chuma!

Somo hilo likahamia kwa wapenzi wa ndege za kuongozwa kwa redio. Mwaka 1937 huko Kalamazoo, Michigan, mapacha Walter na William Good walirusha Guff, yenye mabawa ya mita 2.4, mojawapo ya za kwanza kabisa za aina hiyo. Betri na mitambo ya redio ya wakati ule havikuwa vyepesi, kwa hiyo ulipoviweka ndipo palipoamua ndege iruke vipi. Guff ilikuja kukabidhiwa Smithsonian, nyumba ileile ya Langley.

Ndege ndogo unaipima kwa vidole viwili chini ya mabawa. Ndege ya kilo 18 huwezi, na ikikuponyoka inaua. Inawekwa kwenye mizani tatu, moja kila gurudumu, na mwili unanyooshwa kwa pima maji. Tuseme gurudumu la mkia linaonyesha kilo 1.5 na liko sentimita 120 nyuma ya magurudumu makubwa. Zidisha upate 180, gawa kwa 18. Kitovu kiko sentimita 10 nyuma ya magurudumu hayo. Kama magurudumu yako sentimita 3 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, basi ni sentimita 13, na kwa bawa la kina cha sentimita 45 hiyo ni asilimia 29. Nyingi hutulia kati ya robo na theluthi. Tangi likiwa puani, pima likiwa tupu, maana mafuta yakiisha uzito unarudi nyuma.

Wanaoiga ndege za Vita Kuu ya Kwanza ndio wanaoteseka zaidi. Sopwith Camel ilirundika injini, bunduki, mafuta na rubani ndani ya mita 2 hivi za mbele. Mfano wake una pua fupi vilevile, ila injini ni nyepesi na hakuna rubani, hivyo hujazwa risasi puani. Namaanisha ile metali.

Na kuna Maynard Hill, mzee wa Kimarekani wa miaka 77 ambaye macho yalikuwa karibu yamekwisha kabisa. Agosti 9, 2003 ndege yake ya TAM-5 iliruka kutoka Cape Spear, Newfoundland, ikiwa haifiki kilo 5, na zaidi ya kilo 2 kati ya hizo ni mafuta. Hebu piga picha: karibu nusu ya ndege inaungua njiani. Tangi likikaa mbali na kitovu, ndege iliyoondoka Canada siyo hiyo itakayofika. Nyingine kadhaa kabla yake zilimezwa na bahari. Hii ilivuka Atlantiki, kilomita 3,000 na ushee, ikatua Ireland Agosti 11 karibu na Clifden, baada ya saa 38 na dakika 52. Aliyeishusha kwa redio alikuwa mwenzake, Dave Brown. Hill alikuwa ng'ambo ya pili, anasubiri simu.