Mtihani wa Leta na Mlango wa Chuo Kikuu cha Kisangani

Kutoka Kinshasa hadi Kisangani, kwa kufuata Mto Kongo, ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,700, na meli huchukua majuma. Jambo ambalo mji mkuu unataka litimizwe siku moja nchini kote haliwezi kuungoja mto. Hupita angani na kutua Bangboka. Miongoni mwa mambo hayo ni Examen d'État, mtihani wa Leta, yaani wa dola. Historia ya chuo kikuu cha mji huu haielezeki bila mtihani huo.

Wakati wa ukoloni, shule za sekondari zilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni. Vyuo vikuu navyo vilizaliwa vikiwa na wenyewe: Lovanium ya Wakatoliki mwaka 1954, chuo cha serikali huko Élisabethville mwaka 1956, na Université Libre du Congo ya Waprotestanti, iliyoanzishwa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, mwaka 1963. Mtihani wa Leta ulipoanzishwa mwaka 1967, dola ilijitwalia mamlaka ya kuamua nani amehitimu: maswali yaleyale, kwa Kifaransa, kwa mtoto wa misheni na wa shule ya kijijini.

Mwaka 1971 vyuo hivyo vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Ikiwa asilimia za mtihani pekee ndizo zingefungua mlango, mikoa yenye shule kongwe ingetwaa nafasi nyingi. Kwa sababu hiyo serikali iliweka mgao wa nafasi kwa mikoa. Mgao huo uliwafaa waliotoka mbali, lakini uliwaumiza waliofaulu vizuri wakaachwa kwa sababu ya walikotoka. Mwaka 1981 vyuo vilitenganishwa tena, na Kisangani ikapata chuo kikuu chake.

Nguvu ya mtihani ilidhihirika katika vita vya 1998 hadi 2003, mji ulipokuwa chini ya waasi wa RCD. Nchi iligawanyika, lakini diploma haikugawanyika. Wanafunzi wa mashariki waliendelea kuitaka ile ya Kinshasa, kwa kuwa ndiyo iliyotambulikana kila mahali, na mashirika ya kimataifa yalisaidia mitihani ivuke mstari wa vita.

Kwa hiyo mtihani umefanya kazi mbili zisizolingana. Kazi ya kuiunganisha nchi imeitimiza kuliko taasisi nyingi za dola. Kazi ya kuwapa vijana haki sawa haijaitimiza, kwani swali moja likiulizwa katika shule yenye maabara na katika shule isiyo na vitabu, si swali moja tena. Mgao wa mikoa ulikuwa kukiri jambo hilo. Kuondoa mgao bila kuzisaidia shule ni kulisahau.