Msamaha wa 1986 na kasheshe ya stakabadhi

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, vijiweni kwetu Louisville, Columbus na Buffalo huzuka swali lile lile: "Hivi msamaha watatoa lini?" Wengi wetu katika miji hii tuliingia kama wakimbizi, makaratasi mkononi. Lakini ni nani asiye na ndugu au jirani aliyekuja na viza ya shule, ada ikamshinda, akaishia kubeba maboksi? Kwa ajili yake, tuutazame msamaha uliokwisha kutolewa.

Tarehe 6 Novemba 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyowaruhusu walioishi hapa kinyemela tangu kabla ya 1 Januari 1982 kuomba ukaaji halali. Dirisha lilifunguliwa 5 Mei 1987, likafungwa 4 Mei 1988. Kasheshe ikawa kwenye ushahidi. Mtu aliyejificha miaka mitano, akilipwa taslimu na kupanga chumba kwa jina la mwenzake, aliambiwa alete stakabadhi za pango, hati za mshahara na barua za mabosi.

Wenye viza walibanwa zaidi. Mwanafunzi, tuseme wa Columbus, aliyeacha masomo akashika kibarua, alitakiwa kuonyesha kwamba kosa lake lilikuwa limejulikana na serikali kabla ya 1982. INS, idara ya uhamiaji ya enzi hizo, ilidai kuwa "serikali" ni yenyewe tu, hata kama idara nyingine zilijua. Mahakama iliikataa tafsiri hiyo Machi 1988, wiki chache kabla ya dirisha kufungwa.

Safari nazo zilikuwa mtego. Buffalo na Kanada hutenganishwa na mto Niagara tu, lakini aliyevuka mpaka kwa muda mfupi bila kibali cha INS aliweza kuambiwa amepoteza sifa. Wapo ambao fomu zao hazikupokelewa kabisa. Kesi zao zilivutana hadi 2004, ndipo wakapewa nafasi ya kuomba upya, mwisho 31 Desemba 2005.

Mashambani mambo yalikuwa kinyume. Kibarua wa msimu, hata wa tumbaku, zao maarufu la Kentucky, alitakiwa kuthibitisha siku 90 tu za kazi katika mwaka ulioishia 1 Mei 1986. Barua za wenye mashamba zikageuka biashara. Waombaji wa fungu hilo walifika milioni 1.3 hivi, ofisa gani angekagua kila shamba?

Mwishowe watu wapatao milioni 2.7 walipata ukaaji, na hilo si dogo. Ila aliyeishi kweli bila kumbukumbu alikwama, na aliyenunua barua aliweza kupita.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka ya ughaibuni nayo ni mali. Msamaha mwingine uje au usije, mwambie ndugu yako leo: hata risiti ya pango asiitupe.