Mchungaji

Anayelisha mbuzi Dodoma na anayehubiri usharikani huitwa kwa neno moja: mchungaji. Nako kuchunga hakukomi malishoni. Tunaambiana pia tuchunge ndimi zetu. Ndiyo maana Yohana 10 humwingia Mswahili moyoni bila maelezo mengi. Yesu hujiita mlango wa kondoo, kisha mchungaji mwema autoaye uhai wake, tofauti kabisa na mtu wa mshahara, ambaye akimwona mbwa mwitu hutimua mbio. Tena mchungaji mwema hutangulia mbele. Kondoo humfuata kwa kuijua sauti yake. Hapo ndipo wokovu unaponielea: kulindwa na anayekujua kwa jina. Basi nanyi mnaotanguliziwa cheo cha mchungaji, tangulieni penye hatari.